Teke la Bunduki ya Mbogo

Watu wa Murungu watakuambia kwamba bunduki yangu hainipigi. Wanalisema bila ubishi, kama wanavyosema kwamba kisima fulani hakikauki. Walilisikia kwangu mwenyewe.

Bunduki yenyewe ni ya bolti, na risasi yake ni nene kama kidole gumba changu. Sisi askari wa wanyamapori wa zamani tulikuwa tukiiita nne hamsini na nane, kwa kipimo cha tundu la mtutu. Ni bunduki ya tembo na mbogo. Niliinunua kwa kibali halali mwaka niliostaafu, kutoka kwa mwindaji mmoja aliyekuwa akifunga kambi yake arudi kwao, na kila mwaka nimepeleka kibali kituoni Kibondo kabla ya siku yake kupita. Mtu asiyewahi kupiga bunduki ya namna hii hudhani kazi ni kulenga. Kulenga ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kustahimili teke. Risasi inapotoka mbele, kitako kinakuja nyuma begani kama beberu aliyetoka mbio, na ukuta anaougonga ni wewe.

Dawa yake ni moja. Usimame wima, mguu wa kushoto mbele, kitako ukikumbatie begani kwa nguvu, kisha uuache mwili uende nacho, kama mtu anayesukumwa na mlevi na hataki ugomvi. Usiegemee kitu. Mtu aliyeegemea mti anapigwa mara mbili, mbele na bunduki, nyuma na mti.

Mara ya kwanza nilipoipiga bunduki ya aina hiyo nilikuwa askari mpya, mbele ya wenzangu kumi na wawili. Niliumia mpaka machozi yakanitoka. Mkuu wetu akauliza, "Vipi, imekupiga?" Nikajibu, "Hainipigi, afande." Wenzangu wakacheka kwa mshangao, na jibu hilo likawa jina langu. Baadaye mgambo mmoja wa hapa kwetu alinisihi nimwache ajaribu mara moja. Alikaa chini kwa makalio mbele ya wakwe zake. Sifa zangu zikafika Nyabibuye. Kila nilipopiga, watu waliniuliza ili walisikie tena jibu lile, nami nikawapa. Nyumbani mke wangu Rosa alinikanda bega kwa maji ya moto na chumvi, mlango umefungwa, na hakumwambia mtu. Bega lilikuwa la zambarau, kisha la kijani, kisha la njano. Nilivaa shati la mikono mirefu na koti juu yake, nikaenda kanisani.

Mwezi wa saba mwaka huu jicho langu la kulia lilianza kuniletea masizi. Vipande vyeusi vilielea mbele yangu nikisoma, na pembeni palimulika mwanga kama radi ya mbali. La kushoto lilikwisha siku nyingi, lilichomwa na mwiba nikiwa porini. Linajua mchana na usiku, basi. Mimi nilijifunza kusoma nikiwa na miaka thelathini na sita, katika darasa la jioni la watu wazima, kwa mwanga wa karabai, na tangu hapo sijalala bila kusoma kurasa kadhaa. Jicho la kulia ndilo lililobaki la kusomea, la kutembelea, la kumtambua mtu anayebisha mlangoni. Nilimwambia Rosa nakwenda Kasulu kupima presha.

Daktari wa macho wa Kasulu alikuwa kijana mpole. Alinimulika ndani ya jicho kwa muda mrefu, akaniambia nitazame juu, chini, kulia, kushoto.

"Mzee, ngozi nyembamba ya ndani ya jicho imeanza kubanduka," alisema. "Kama rangi ya ukuta ulionyonya maji. Imebanduka pembeni tu. Ikifika katikati, hapo kuona kumekwisha. Nakuandikia barua ya Mwanza ukafanyiwe upasuaji. Nenda ndani ya wiki mbili. Kabla ya hapo usibebe mzigo, usipande pikipiki kwenye makorongo, usipate mshtuko wa kichwa."

"Na mtu akipigwa na kitako cha bunduki?"

"Kichwani?"

"Begani. Akiwa anapiga mwenyewe."

Aliacha kuandika. "Bunduki gani hiyo? Ya ndege au ya tembo?"

"Ya tembo."

"Mshtuko mmoja kama huo unatosha kabisa. Una bunduki, mzee wangu?"

"Jirani yangu anayo," nikasema. "Nauliza kwa ajili yake."

Nilirudi Murungu nikitembea kama niliyebeba mtungi uliojaa mpaka mdomoni. Barua ya Mwanza niliificha ndani ya kitabu, kwa kuwa Rosa havigusi vitabu vyangu. Niliazimia kuondoka Jumatatu. Ndayikeza alikuja Alhamisi.

Ndayikeza ni mtu wa asili ya Burundi. Aliletwa huku mgongoni mwa mama yake mwaka sabini na mbili, na sasa ni raia kama mimi, ana shamba la mihogo na migomba linaloshuka hadi bondeni. Miaka kumi na moja iliyopita mbogo alimpandisha juu ya mti mwembamba tangu asubuhi hadi alasiri, akawa anaukwaruza mti kwa pembe huku Ndayikeza akisali kwa sauti ya juu. Mimi ndiye niliyemwangusha mbogo yule. Wiki iliyofuata Ndayikeza alikuja kwangu na watu wake, amevaa suti, anaswaga ng'ombe jike mwenye mimba. Alinigabira.

Asiye wa huku anaweza kudhani hiyo ni zawadi. Kwetu Waha, na kwa Warundi vilevile, ng'ombe wa kugabirwa haishii zizini. Aliyekupa akikuita, unakwenda. Hakuiti ovyo, anaweza kukaa miaka asikuite, lakini akikuita huwezi kumwambia una kazi nyingine. Njia ya kukataa ni moja tu, kumrudishia ng'ombe wake na uzao wake, na hiyo maana yake ni kumwambia mbele ya watu kwamba hujuani naye tena. Nimemwona mtu mmoja tu akifanya hivyo maishani mwangu, na wajukuu wa pande zile mbili hawasalimiani hadi leo.

"Amahoro, mzee," alisema Ndayikeza akiwa bado mlangoni.

"Amahoro. Ingia ukae."

"Sikai. Mbogo yuko bondeni."

Alikaa hata hivyo. Alinieleza. Dume zee, peke yake, pembe moja imevunjika nchani, ametoka pori la akiba akifuata maji. Hiyo ilikuwa siku ya tisa amelala kwenye matete pale kisimani. Siku mbili nyuma alimvunja paja mama mmoja aliyekwenda kuchota. Tangu hapo watu walikuwa wanakunywa maji ya dimbwi la ng'ombe, na watoto wanaharisha.

"Afisa wanyamapori anasemaje?"

"Amekubali, na mwenyewe atakuwepo. Ni yule binti, Epifania. Lakini bunduki nzito ya ofisi imepelekwa kwingine kwenye tembo, yeye ana ile ndogo ya doria. Anasema kwa ile atamkasirisha tu." Akacheka, akanipiga goti. "Nikamwambia, mama, usihangaike. Sisi tuna mtu. Tuna mtu ambaye bunduki haimpigi."

Rosa alikuwa anachambua maharage pembeni. Hakuinua uso.

"Lini?" nikauliza.

"Kesho saa tisa. Anatoka kunywa jioni, kabla ya jua kuzama. Tumekuandalia mahali pazuri, mzee. Utafurahi mwenyewe."

Akaondoka kwa furaha. Nilibaki kwenye kiti nikizikagua njia zangu. Kumrudishia ng'ombe sikuweza. Kusema naumwa, Ndayikeza angekuja na watu wanne na machela. Kusema ukweli wa jicho ilikuwa kusema kwamba mimi sioni, na mtu asiyeona haachiwi bunduki. Wangeichukua, wangenipa karatasi, na baada ya hapo ningekuwa mstaafu mwenye vitabu kumi na sita. Nina miaka sabini na tatu. Watu wanaponipisha njiani, najua wanaipisha bunduki. Sijawahi kulisema hilo kwa mtu.

"Presha yako ilikuwa ngapi?" Rosa akauliza.

"Nzuri."

"Basi nichemshe maji kesho jioni?"

"Chemsha," nikasema.

Mahali pazuri alipopasema Ndayikeza palikuwa juu ya mti. Walikuwa wamejenga ulingo kwenye mkuyu ulio ukingoni mwa matete, kimo cha watu wawili na nusu kutoka chini, miti imepangwa vizuri na kufungwa kwa kamba mpya. Ngazi pia ilikuwa mpya. Walifanya kazi kubwa, na waliifanya kwa heshima. Nilipofika juu, Ndayikeza akanikalisha juu ya mto wa kitandani uliotumwa na mkewe Ininahazwe, mgongo wangu ukigusa shina. Kisha akatoa kamba ya ng'ombe.

"Kamba ya nini?"

"Yako, mzee. Ukisinzia ukaanguka, nitamwambia nini mama Rosa?"

"Mimi si mtoto wa kufungwa mgongoni."

"Leo mkuyu ndio mama," akasema, na watu waliokuwa chini wakacheka. Akaizungusha kamba mara tatu kifuani kwangu, chini ya makwapa, akaikaza nyuma ya shina. Alikuwa ananifunga kama mtu anayefunga mzigo wa thamani, akijaribu kila fundo.

"Ndayikeza, nikipiga hivi..."

"Ukipiga hivi je?"

"Nahitaji nafasi."

"Nafasi ya nini?" Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Si haikupigi?"

Watu wale hawakukosea kitu. Kama bunduki haipigi, hakuna tofauti kati ya kusimama huru na kufungwa kwenye mti. Walilijenga jambo zima juu ya neno langu, na walilijenga imara. Ndayikeza akashuka, akaenda na wenzake juu ya mteremko, mbali na upepo wa mbogo.

Epifania akapanda. Ni mtu wa Titye, kule Kasulu, hajafika miaka thelathini, sare yake imepigwa pasi hata kwa kazi ya matopeni. Akakaa kushoto kwangu, bunduki yake ndogo magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimesikia habari zako tangu nilipohamia hapa. Nikapiga simu nyumbani nikawaambia, leo naenda kumwona yule mzee akifanya kazi."

Tulikaa zaidi ya saa moja. Inzi walinitembea usoni. Kamba ilinizuia kuvuta pumzi ndefu. Nyuma nilihisi gome la mkuyu likinigusa kisogo, na nikawa nafikiria kitu kimoja tu: kitako kitakuja begani, bega halitakuwa na pa kwenda, kichwa kitarushwa nyuma kigonge shina. Niliyahesabu masizi yaliyokuwa yakielea mbele yangu. Yalikuwa mengi kuliko asubuhi.

"Mzee, mbona umejikunyata," akanong'ona.

"Baridi."

"Baridi ya saa kumi? Mimi natoka Titye, baridi naijua."

Hapo matete yakatikisika.

Alitoka polepole, mweusi, matope yamemkauka mgongoni kama gamba. Akasimama hatua arobaini kutoka kwetu, akanusa. Nikainua bunduki, nikaweka shavu kwenye kitako chake. Upande wa kulia wa mbogo niliuona vizuri. Upande wa kushoto ulikuwa nyuma ya pazia la kijivu ambalo halikuwapo jana. Nikaitafuta nundu ya mtutu, ile alama ya kulengea. Ilikuwa inacheza na masizi, sikujua lipi ni alama na lipi ni sizi. Kidole kikagusa kifyatulio.

Mbogo akainamisha kichwa anywe.

"Piga," Epifania akanong'ona. "Mbona hupigi?"

Nikaishusha bunduki.

"Siwezi. Jicho langu linabanduka ndani. Daktari wa Kasulu amesema teke moja tu na limekwisha. Lingine halioni."

Alinitazama kana kwamba nimeongea lugha ya mbali. "Kwa nini hukusema tulipokuwa chini?"

Hasira ikampanda usoni, nikaiona hata kwa jicho lile, lakini ni mtu wa kazi, akaimeza. Akamtazama mbogo, akaitazama bunduki yake ndogo, kisha akanyoosha mkono. "Lete hiyo yako."

"Umewahi kupiga nzito?"

"Chuoni, mara mbili, kwenye shabaha ya karatasi. Nyepesi kidogo kuliko hii. Lete, anamaliza kunywa."

Nikampa. Akapiga magoti, akaishika kama fimbo ya kuonyeshea ubao, kitako kimeachana na bega kwa upana wa vidole vitatu, shavu limelegea. Nikauliza kwa nini anaishika hivyo, ingawa nilikwisha kuelewa.

"Si wanasema haipigi?"

Kama ningenyamaza wakati ule, bunduki ingemvunja mfupa wa bega na kumtupa chini ya mti, karibu na mbogo. Ningebaki juu nimefungwa, jicho langu zima, jina langu zima.

"Inapiga," nikasema. "Inapiga vibaya sana. Nimedanganya watu miaka arobaini na zaidi. Mke wangu hunikanda kila mara. Ikumbatie. Ikaze begani kama unayemzuia mtu asiondoke. Simama."

"Nikisimama itanitupa."

"Nitakushika mkanda. Mimi nimefungwa, siendi popote."

Akasimama mbele yangu, mguu wa kushoto mbele, miti ya ulingo ikilia chini yake. Nikaushika mkanda wa sare yake nyuma kwa mikono miwili, nikakunja viwiko ili vipate pa kwenda, nikageuza uso pembeni mpaka shavu likalala kwenye gome. Nikafumba jicho.

"Mfupa wa bega lake, chini kidogo," nikasema. "Toa pumzi. Kifyatulio usikivute, kibane."

Mlio ulijaza bonde. Mkanda ulinivuta, kisha ukanisukuma. Mzigo wote ulipita mikononi, ukaingia kifuani, kamba ikanikata makwapa. Kichwa changu kilibaki pale pale kwenye gome. Nikasikia Epifania akiguna kama mtu aliyepigwa ngumi, kisha matete yakivunjika, kitu kizito kikienda, kikianguka, kikiamka, kikienda tena. Baada ya hapo ukaja mguno mrefu wa chini. Wawindaji wanaujua mguno ule. Mbogo haamki tena baada yake.

Niliogopa kufumbua. Nilianza na la kushoto lisiloona, kama mtu anayechelewesha kufungua barua. Kisha la kulia. Niliona gome. Niliona siafu mmoja akipanda juu yake, na miguu yake. Pazia lilikuwa palepale lilipokuwa.

Epifania alikuwa amekaa, damu inamtoka puani. Nilisahau kumwambia kuhusu kidole gumba. Ukikizungusha juu ya shingo ya bunduki, teke linakileta puani. Hilo nalo lilikuwa kosa langu.

"Haipigi," akasema kwa sauti ya mtu mwenye mafua, akafuta damu kwa mkono wa shati. "Mungu akusamehe, mzee."

Watu walikuwa wanashuka mteremko mbio. Waliusubiri kwanza ule mguno, kisha wakapiga kelele. "Mzee Reverien! Hainipigi! Hainipigi!" Ndayikeza alipanda ngazi wa kwanza, akanifungua, akanikumbatia, akanishusha kama yai. Epifania alishuka mwenyewe, bunduki zote mbili begani upande wa kushoto. Wakatukokota wote wawili hadi uani kwa Ndayikeza, wengine wakaenda kumchuna mbogo kabla ya giza. Ininahazwe alipoona damu kwenye pua ya Epifania, akamshika mkono, akamwingiza ndani amwoshe.

Mimi wakanikalisha kwenye kiti.

"Si mimi niliyepiga," nikasema. "Ni yule binti."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Mnamsikia? Mzee anamtukuza mtoto wa watu."

"Nasema kweli. Sikupiga. Jicho langu ni bovu."

"Jicho bovu, mbogo yuko chini kwa risasi moja," akasema Ndayikeza. "Nikipata jicho bovu kama hilo nitashukuru."

Nikafungua vifungo vya shati, nikawaonyesha bega. Lilikuwa safi. Hapakuwa na alama yoyote.

Kelele zikaongezeka. "Tuliwaambia! Hata alama! Haimpigi!" Wakaitana waje waone. Watu wazima walilitazama bega langu kwa zamu. Nikafunga shati. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na sikuweza lolote mbele yao.

Ndayikeza akainama sikioni kwangu. "Kesho, Jumamosi, tunakwenda Nyabibuye, mzee. Shemeji zangu wana dume lingine. Nimekwisha kuwapa neno. Ulingo wamekwisha kuujenga, nimewaelekeza mpaka kamba."

Epifania akatoka ndani, uso umeoshwa, daftari la taarifa mkononi. Alikuja karibu yangu, akaongea kwa sauti ndogo.

"Nisikilize, mzee. Lazima niandike nani amepiga. Nikiandika ni wewe, yote yanakaa sawa. Nikiandika ni mimi, nitaulizwa kwa nini nilishika bunduki ya raia, na jibu ni jicho lako. Jibu hilo likifika wilayani, kibali chako hakirudi. Sitaki kukufanyia hivyo. Sema tu."

Nilimwona ameukunja mkono wa kulia tumboni, hawezi kuunyoosha. Watu walikuwa wananitazama kwa upendo. Nilielewa kwamba nikinyamaza sasa, Jumamosi nitakuwa kwenye mti wa Nyabibuye, na Epifania hatakuwepo.

Kabla sijasema, Ininahazwe akatoka na beseni la maji ya moto. Hakulimwaga. Alikuja nalo mpaka katikati ya uwanja akasimama.

"Mume wangu," akamwambia Ndayikeza, "bega la mtoto huyu limevimba mpaka shingoni, limekuwa jeusi. Nimemuuliza nani amekupiga, anasema hakuna. Nani amempiga?"

Watu wote wakageuka. Walimtazama Epifania, wakauona mkono ulivyokunjwa.

"Ni bunduki yangu," nikasema. "Ndivyo inavyofanya. Ndivyo ilivyokuwa ikinifanya mimi tangu mwanzo. Muulizeni Rosa."

Hakuna aliyecheka safari hii. Ndayikeza akanisogelea kitini. Alikuwa anaanza kuziunganisha siku, kamba, mto, lile swali langu la nafasi.

"Nilikufunga kwenye mti," akasema.

"Ndiyo."

"Ungekuwa kipofu mbele yangu. Kwa kamba yangu."

"Hukujua."

"Na wewe ulijua! Ukakaa kimya nikikaza fundo!" Alikuwa anapiga kelele sasa. "Mimi nilikugabira wewe ng'ombe, Reverien. Sikuigabira bunduki." Katika miaka kumi na moja hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina tupu, bila mzee. Akanigeuzia mgongo.

Nikamwambia Epifania, "Andika."

Akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akaandika kwa mkono wa kushoto, polepole, herufi kubwa kama za darasa la kwanza. Nilimtajia maneno mwenyewe. Mbogo ameuawa na afisa wanyamapori, kwa bunduki ya raia mbele ya mwenye bunduki, kwa sababu mwenye bunduki haoni vya kutosha na hakusema mapema. Aliniuliza kama hilo la mwisho ni lazima. Nikasema ni lazima. Akanisomea, nikatia sahihi. Tukakubaliana bunduki aondoke nayo usiku huohuo hadi kituoni, na mimi nimfuate asubuhi na kibali, kisha Jumatatu Mwanza.

Watu walikuwa wametawanyika kwenda kwenye nyama. Desturi ni mpigaji kuulizwa anataka sehemu gani. Nilisikia wakimwita Epifania aje achague. Kiti changu kilibaki peke yake katikati ya uwanja, nami nimekikalia.

Ndayikeza alikuwa amepanda juu ya kichuguu nyuma ya migomba, mahali pekee pale kwake panaposhika mtandao. Alikuwa anawapigia shemeji zake wa Nyabibuye.

"Hapana, haji!" alisema. "Nasema haji Jumamosi! Bomoeni!"

Mtandao ulikuwa mbaya. Upande wa pili hawakusikia vizuri, na yeye akapaza sauti mpaka mbwa wa ng'ambo ya bonde wakaitikia.

"Macho! Nasema macho! Mzee haoni!"

Wachunaji kule bondeni wakaacha kuongea wasikilize. Nilikaa palepale kwenye kiti, mikono magotini, nikamsikiliza akilirudia kwa mara ya tatu.